Kabla hujairusha ile video ya nyumbani

Jioni ya 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, meseji zangu kwa mdogo wangu wa Kimara zilianza kubaki na tiki moja. Mtandao ulikuwa umezimwa Tanzania. Niko Birmingham. Kwa simu ya kawaida nilimpata mara moja tu, tukaongea dakika mbili, naye hakutaka kusema lolote. Mtandao uliporudi, 3 Novemba, kitu cha kwanza alichonitumia ni video ya yaliyotokea mtaani kwake siku zile, aliyoirekodi dirishani. Nililia, kisha nikairusha palepale na kuandika: imetoka kwa mdogo wangu.

Usiku akapiga. "Dada, futa. Geti la mama mwenye nyumba linaonekana, na hiyo sauti ni yangu."

Nikafuta, lakini watu walishaidaka. Siku hizohizo polisi walikuwa wametuma meseji kwenye simu za wananchi, wakionya kwamba kusambaza picha za kuzua taharuki ni kosa la jinai. Mdogo wangu akahamia kwa shangazi Morogoro wiki mbili. Hakuna aliyemfuata, namshukuru Mungu. Ila wiki zile mbili mimi nilikwenda kazini na kurudi kama kawaida. Aliyekuwa akishtuka kila bodaboda iliposimama nje ni yeye.

Ndugu zangu tulio nje, mwulizeni aliyewatumia kabla ya kurusha chochote. Uso wa nani unaonekana? Sauti ya nani? Duka gani, namba gani ya gari? Ficha nyuso, ondoa sauti ikibidi, na usitaje undugu wenu. Video halisi iachwe kama ilivyo. Akikutumia kwa WhatsApp, aitume kama dokumenti, maana ikipita njia ya kawaida inapunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali iliporekodiwa. Wachunguzi wa haki za binadamu huzitafuta sana taarifa hizo. Umma hauzihitaji.

Tuwe waangalifu pia na VPN, zile programu za kufungulia mitandao iliyofungwa. X (zamani Twitter) ilifungwa Tanzania Mei 2025, na wengi wetu tuliwapigia wazazi tukiwahimiza wapakue. Lakini tangu 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inataka wanaotumia VPN wajiandikishe, kwa hiyo hatari ya ushauri wako anaibeba mama, siyo wewe. Mweleze hali ilivyo, aamue mwenyewe. Tena mtandao ukizimwa wote, VPN haifui dafu. Kubalianeni mapema nani atapiga simu ya kawaida, saa ngapi, na neno gani litamaanisha tuko salama.

Halafu kuna jambo wengi wetu huku Uingereza hatulijui. Kwa kuwa Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, Mtanzania anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata kama hana pasipoti ya Uingereza. Kwa mbunge wa eneo lako wewe ni mpiga kura. Mwandikie barua fupi yenye ombi moja: aiulize serikali yake imesema nini na Dodoma kuhusu kuzimwa kwa mtandao. Mtajie tarehe, mtajie mtaa unaoishi wewe huku.

Barua yangu ya kwanza nilimsomea mdogo wangu kwa simu kabla ya kuituma. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba niondoe neno moja: Kimara. Nikaliondoa, nikaandika "Dar es Salaam."