n inageuka m kwenye mashine ya breli: tazama nukta ya 5

Ndugu, umeuliza kwa nini mashine ya breli unayomtengenezea mwanafunzi inakosea herufi. Kila herufi ya breli hutengenezwa kwa baadhi ya nukta sita, zilizopewa namba 1 hadi 6, zinazobonyezwa pamoja. Ukiandika n ukapata m, na y ukapata x, herufi zote mbili zimepoteza kitu kimoja: nukta ya 5. Raspberry Pi Zero 2 W yako, yaani ule ubao mdogo wa kompyuta, huenda ni nzima. Shuku kibodi kwanza. Kibodi nyingi za kawaida za USB hazipokei vitufe sita vikibonyezwa pamoja. Iache, uunge swichi saba: sita za nukta, moja ya nafasi. Mguu mmoja wa kila swichi uende kwenye pini ya GPIO (pini ya ubao inayopokea ishara), wa pili kwenye graundi (upande wa volti sifuri), kisha, kwenye programu, washa resista za ndani za kuvuta juu, zinazoiweka pini kwenye volti ya juu swichi isipobonyezwa. Pini hizo mwisho wake ni volti 3.3, ukizipa 5 unaweza kuunguza ubao.

Kama tayari unatumia swichi za pekee, si kibodi, basi tatizo ni programu, na hapa ndipo wengi hukwama. Vidole havifiki pamoja hata kwa mwandishi hodari. Programu ikusanye kila nukta iliyobonyezwa, itoe herufi pale tu vidole vyote vikishainuka. Mitetemo ya swichi ya chini ya milisekunde 20 ipuuzwe.

Ubao huo hauna tundu la hedifoni, kwa hiyo tumia kadi ya sauti ya USB kwa adapta ya OTG, inayounganisha kifaa cha USB kwenye tundu dogo la ubao. Programu ya kusoma maandishi kwa sauti, eSpeak NG, inasoma Kiswahili. Nunua swichi zilizozibwa, maana hewa ya chumvi ya Mombasa hula shaba. Na tafadhali weka kitufe cha kuzima taratibu: betri ikikatwa ghafla, kadi ya SD inaweza kuharibika na maandishi yote ya mwanafunzi yakapotea.