Kabla Hujamwita Garasa, Rudi Siku Aliyosaini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Baltimore, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia: "Kaka, wewe ni mtu wa Nationals. Zile dola milioni 245 za Strasburg bado zinakuuma? Na mtu unajuaje kama usajili wa bei mbaya umelipa?"

Zinaniuma. Strasburg alikuwa mrushaji wa Nationals, timu ya besiboli ya Washington, na mrushaji ndiye anayemrushia mpigaji mpira. Lakini jibu la swali la pili nimelilipia kwa miaka, kwa hiyo nivumilieni nianze mbali.

Nilifika Silver Spring, Maryland, mwaka 2014, nikapata kazi ya usiku kwenye maegesho ya magari. Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee wa Jamhuri ya Dominika, na redio yake ndogo haikuzimwa msimu mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli. Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye kelele za Coastal Union. Usajili naujua tangu nikiwa na kaptula. Nikanunua daftari, nikawa naandika kila mchezaji mkubwa anayesaini na ninavyomwona.

Januari 2015 Washington wakamchukua mrushaji Max Scherzer, mchezaji huru wa miaka 30, kwa miaka saba na dola milioni 210. Nikaandika: "Mzee. Watajuta." Nusu ya fedha hizo iliahirishwa ilipwe baadaye, dola milioni 15 kila mwaka hadi 2028, na hilo nikalihesabu kuwa ujinga juu ya ujinga. Mwenzangu alisoma akanyamaza, akaniambia nisubiri.

Scherzer akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, 2016 na tena 2017. Ila kilichonibadilisha mimi si tuzo. Ni Juni 2019. Akiwa mazoezini, mpira ulidunda kwenye gongo lake mwenyewe ukamvunja pua. Kesho yake usiku akapanda kile kilima kidogo cha mrushaji kurusha dhidi ya Philadelphia. Yule bwana ana jicho moja la bluu na jingine la kahawia, na chini ya jicho moja ngozi ilikuwa imevimba, nyeusi kama zambarau. Alirusha awamu saba kati ya tisa za mchezo bila kuruhusu pointi hata moja, akawatoa wapigaji kumi kwa straiki tatu. Nilifungua daftari zamu ileile, nikapiga mstari juu ya neno "Watajuta".

Desemba 2018 walikuwa wamemsajili mrushaji mwingine, Patrick Corbin, miaka sita, milioni 140. Hapo nilikuwa nimeanza kujifunza. Niliandika: "Hawa wanataka ubingwa sasa. Miaka ya mwisho itakuwa mibaya na wao wanajua." Najivunia mstari ule, sifichi.

Msimu wa 2019 walianza vibaya, ushindi 19 na vipigo 31, halafu wakafika hadi mchezo wa saba, wa mwisho, wa World Series, fainali ya ubingwa, Houston, Oktoba 30. Scherzer, aliyekosa mchezo wa tano kwa shingo iliyokaza, alirusha awamu tano. Wakawa nyuma 2-0. Akaingia Corbin, awamu tatu, hakuna pointi. Katikati ya hizo, Howie Kendrick akaupiga mpira ukagonga nguzo ya mpaka upande wa kulia, ikahesabiwa home run, na Washington wakaongoza. Ikaisha 6-2. Aliyeandikiwa ushindi ni Corbin, maana besiboli humwandikia mrushaji ushindi au kipigo. Mzee wa Dominika alinikumbatia kati ya magari mawili, na honi ya gari lililokuwa likisubiri kutoka hatukuisikia.

Baada ya hapo Corbin alipoteza michezo 16 mwaka 2021, 19 mwaka 2022, 15 mwaka 2023. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku nikawa kichekesho. "Garasa lako limefungwa tena." Kila wiki. Niliwaeleza kwamba mikataba ya besiboli hulipwa yote, mchezaji akishuka kiwango klabu haikwepi, na kwamba bei ile ilihesabiwa hivyo tangu mwanzo. Hawakutaka kusikia. Nilitoka kundini, na mpaka leo wawili kati yao hatusalimiani.

Sasa Strasburg. Desemba 2019, akiwa ametoka kuwa mchezaji bora wa World Series, alisaini tena, miaka saba. Akarusha michezo minane tu, ushindi mmoja. Walimfanyia upasuaji hadi wakamtoa ubavu ili mishipa iliyobanwa kati ya shingo na bega ipate nafasi. Mkono haukurudi. Je, usajili ulilipa? Haukulipa, na sitazunguka. Aliyoyafanya kabla yalilipwa na mkataba wa kabla. Huwezi kuyahamishia kwenye mkataba mpya ili roho itulie. Ila kumwita mtu yule garasa ni dhambi. Aliumia kazini.

Vijana, nisikilizeni. Rudini siku ya kusaini. Ulizeni: timu ilikuwa inatafuta nini siku ile, na ilikipata? Msihesabu kwa mwaka mmoja, wala kwa mchezo wa jana. Corbin alinunuliwa kwa ajili ya ubingwa, ubingwa ukaja mwaka wake wa kwanza. Huyo kalipa. Strasburg alinunuliwa arushe miaka saba, hakurusha. Na andikeni mnachokiamini mapema, kabla matokeo hayajawapa maneno, maana asiyeandika husema alijua. Nimewaona wengi. Rudini siku ya kusaini, narudia.

Kijana wangu wa Baltimore, daftari lipo, na Silver Spring si mbali. Ukija nitakuonyesha ukurasa wa Oktoba 30. Jina la Corbin limeandikwa mara tatu kwa kalamu nyekundu, moja kwa kila awamu, na la tatu mwandiko umepinda kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka.