Mashine imekuja, mbona mimi ndo nachoka zaidi?

SWALI: Anti, kazini wameleta programu mpya, wanaume wa stoo wamepelekwa mafunzo ya mashine, sisi wadada wa kaunta tumebaki kupokea malalamiko tu na kila dakika inahesabiwa kwenye skrini. Au nina wivu?

JIBU: Wivu wapi dada! ILO, lile Shirika la Kazi Duniani, walisema 2023 kazi za ukarani ndo zinaguswa zaidi na akili mnemba, na wanawake wamejaa huko. Ila hao wa stoo nao wasijidai, mtu kapumzika kubeba mizigo sawa, lakini skana ya mkononi inampangia kila hatua mpaka akienda chooni inajulikana. Wewe omba hayo mafunzo kwa maandishi, wakikataa waambie waandike sababu.