Helmeti moja ya lami na vumbi

Ndugu, umeuliza kama helmeti moja ya pikipiki itakutosha lami ya Nairobi hadi Marsabit na yale mawe ya kuelekea Loiyangalani. Itatosha, mradi nafasi ya usoni iwe pana kiasi cha miwani ya vumbi kuingia ukiwa umepandisha kioo, na kile kikinga jua cha mbele kiwe cha kung'oka. Ukikimbia kilomita 100 kwa saa, upepo hukidaka na kukuvuta shingo, kwa hiyo kwenye lami king'oe. Angalia lebo kwenye mkanda wa kidevuni: E ndani ya duara, na namba inayoanza na 06, yaani kiwango cha usalama wa helmeti kiitwacho ECE 22.06. Ivae dukani robo saa nzima. Mashavu yabanwe, paji lisiume. Ya mtumba usiguse, tafadhali, huwezi kujua iliwahi kugongwa wapi.