Barua kwa mwanangu: majira yapo hapo hapo kituoni kwenu

Muheza, 16 Novemba

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Natumai wewe, baba Nasra na mjukuu wangu hamjambo. Sisi huku wazima, ila goti langu hunikumbusha umri kila nikipanda kutoka kisimani. Ama baada ya salamu, ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Nilitaka nikujibu kwa sauti vilevile. Nikaanza, muuza samaki akabisha hodi. Nikaanza tena, jogoo akaingia kati. Nikaona bora niandike.

Umesema Nasra karudi shuleni na kazi ya kuchora majira manne ya mwaka, na kitabuni kwake kuna mti wenye maua, mti wenye majani mabichi, mti unaopukutisha majani mekundu, na mti uliofunikwa na theluji. Akakuuliza mti wa pale kituoni kwenu ni upi kati ya hiyo minne, ukakosa la kumjibu. Ndipo ukaniuliza mimi: "Mama, hivi sisi tuna majira kweli, au ni joto na mvua tu? Na wewe ulikuwa unajuaje nini kinachanua lini, mbona mimi nimekulia shamba hilo hilo na sioni kitu?"

Nianze na la pili, maana ndilo lililonichoma. Huoni kwa sababu sikukufundisha. Nilitaka usome uachane na jembe. Kila ulipochuchumaa chini ya mchungwa kutazama wadudu nilikuita ndani ukafanye hesabu. Hesabu umezijua, alhamdulillahi, na kazi umepata. Wadudu nimekunyima mwenyewe.

Halafu usidhani mama yako alizaliwa na jicho. Mimi nilijifunza kwa kupunjwa. Unakumbuka Januari ile ya kwenda kidato cha kwanza, ada, sare, godoro, ndoo, na mfukoni hamna kitu? Akaja mchuuzi akitaka kununua shamba zima machungwa yakiwa bado mtini, madogo kama gololi. Alizunguka shambani karibu saa nzima. Akashika tawi hapa, tawi pale, akahesabu kimyakimya midomo ikicheza. Akaniuliza, "Mama, vuli hii mvua huku iliwanyeshea vizuri?" Mimi nikadhani ni maongezi tu. Nikamjibu ilinyesha, tena bondeni kwetu hata maji yalituama. Wakati wote huo yeye alitazama juu, mimi nikitazama mfuko wake. Alipotaja bei sikubishana hata mara mbili.

Mwezi wa saba malori yalipokuja ndipo nikaelewa. Vijiji vya jirani vuli iliwapita, maua yao yalikauka, machungwa yakawa haba na bei ikapaa. Ya kwangu yalijaa malori, nami nimesimama kando nikiyahesabu kama mpita njia. Usiku ule nilianza kupiga hesabu ya nilichopoteza, nikafika katikati, nikazima taa nikalala. Siku hizi simlaumu sana. Hakuniibia. Aliangalia mali yangu kwa makini kuliko mimi mwenye mali.

Basi vuli iliyofuata nikaweka kigoda chini ya ule mchungwa wa karibu na jiko, nikawa nakaa hapo kila nikimaliza kuosha vyombo. Wiki ya kwanza sikuona chochote. Nakwambia hili ili na wewe usijione mjinga. Nilikuwa nauona mti, basi. Wiki ya pili ikawa pua ndiyo inayoona: ua la mchungwa utalinusa kabla hujaliona, na usiku kuliko mchana. Kisha asubuhi moja nikakuta chini pote peupe kama mtu amemwaga mchele. Nikataka kulia, nikidhani mti umeugua. Kumbe ndio desturi yake. Katika maua mia, yakishika mawili umshukuru Mungu. Mchungwa hujipunguzia mzigo wenyewe, na vitunda navyo vingine huvidondosha baadaye. Aliyeniuliza habari za vuli alikuwa analijua hilo, ndiyo maana alingoja hadi Januari.

Na hapo kigodani ndipo nilipowaona maji moto, wale chungu wa mitini, wakishona. Miaka yote nilikuwa nawajua kwa kuumwa tu, na wachumaji wetu kwa kuwalaani na kujipaka majivu mikononi. Siku hiyo upepo ulikuwa umetulia. Majani mawili yalikuwa mbalimbali, upana wa vidole vitatu hivi. Chungu mmoja akashika ukingo wa jani, wa pili akamshika wa kwanza kiunoni, wa tatu akamshika wa pili, mnyororo ukafika hadi jani la pili. Wakavuta. Huoni wakivuta, unaona tu pengo linapungua. Majani yalipokaribiana akatoka mwingine ndani, mdomoni kabeba mtoto, kile kifunza cheupe. Akawa anamgusisha jani hili, anamgusisha jani lile, hili, lile, kama fundi na kindu cha kushonea mkeka. Kila anapogusa, uzi. Yule kifunza ndiye anayetoa hariri! Baadaye kaka yako alinisomea kwenye simu kwamba hiyo ni hariri ambayo angejifumia nyumba yake mwenyewe ya kugeukia, lakini kwa maji moto mtoto huitoa yote kwa nyumba ya ukoo, yeye akabaki hana kifukofuko. Siku ile sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba chai imepoa na wali umeungua. Baba yako, Mungu amrehemu, alikula ukoko siku hiyo na hakuuliza.

Sasa la majira. Tunayo, tena kitabu cha Nasra kimetupunja. Mwambie: kuna kiangazi, kuna masika, kuna kipupwe, kuna vuli, na sisi wa pwani tuna demani, siku zile baada ya kipupwe ambapo kusi inapungua makali na bahari inalainika. Babu yangu alikuwa anahesabu kwa ukali zaidi ya hapo. Hakutumia mwezi wa Kiislamu kupanda, maana mwaka wake ni mfupi kwa siku 11 hivi; Ramadhani huzunguka misimu yote, mpunga hauzunguki. Alihesabu kuanzia siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili, ile ambayo huko Makunduchi, Unguja, bado wanaikoga kila Julai. Kutoka hapo ni miongo, siku kumi kumi, miongo 36, halafu siku tano za kufungia mwaka. Ukimsalimia asubuhi alikuambia leo siku ya ngapi, mwongo wa ngapi, na kwa hiyo nini kiende ardhini. Mimi nilikuwa naona ni mzee anayejisemea.

Na juu alikuwa na kilimia. "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Umeusikia tangu utotoni kama methali ya kujibia mtihani. Ni nyota za kweli, Zuhura. Mwezi huu huu jua likishazama toka nje, tazama upande wa mashariki, ngoja zipande kidogo juu ya mapaa. Kirundo kidogo cha nyota kilichobanana kama dagaa. Hata taa za Dar haziwezi kukizima chote.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu leo si nyota, ni kereng'ende. Wamefika. Juzi alasiri, mvua ikinukia lakini haijaanguka, uwanja wa mpira hapa chini ulijaa wao, wale wa rangi ya manjano iliyokolea kama manjano ya mchuzi, wanazunguka usawa wa kichwa bila kutua. Watoto wakiwakimbiza na kanga. Miaka yote tunasema kereng'ende wanaleta mvua, nami nilichukulia ni maneno ya bibi zetu. Kaka yako akanisomea tena. Kuna mtaalamu wa viumbe vya baharini, Charles Anderson, alikuwa anaishi Maldivi. Kila mwaka, Oktoba, aliwaona kereng'ende wakimiminika pale kisiwani, na visiwa vile karibu havina maji matamu juu ya ardhi ya kuwazaa. Sasa wanatoka wapi? Akawa anaandika tarehe, mwaka baada ya mwaka, mlangoni kwake tu. Mwaka 2009 akatoa maelezo yake: wanatoka India, wanapita Maldivi na Shelisheli wakisukumwa na upepo wa juu, wanafika kwetu Afrika Mashariki pamoja na mvua. Wanataga kwenye madimbwi ya mvua, watoto wao wanakua upesi kabla dimbwi halijakauka, na upepo ukigeuka kuwa kusi kizazi kingine kinaondoka nao. Safari nzima ya kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 14,000, hakuna anayeimaliza peke yake; wanaipokezana kama vizazi vinne.

Upepo wa kaskazi, yaani. Ule ule uliokuwa unaleta majahazi ya Waarabu na Wahindi Tanga na Pangani. Tumeandika sana habari za majahazi. Hawa abiria wengine wanaopita juu yake hatukuwaandika hata mstari.

Kwa hiyo usiniambie Dar hakuna kitu. Mwezi huu wapo hata hapo kwenu, tafuta tu penye uwazi, na chungulia magari yaliyoegeshwa. Utamwona mmoja anadonoadonoa boneti kwa ncha ya mkia. Ameona inang'aa akadhani ni maji, anataga. Masikini.

Sasa mti wa Nasra. Ule wa kituoni, wauza vocha wanapojikinga jua, ni mkrismasi. Niliuona Desemba iliyopita nilipokuja. Mwambie hauko kwenye picha hata moja kati ya zile nne. Kipupwe kikiisha huwa karibu uchi, umebaki na yale maganda marefu meusi yanayolia kama kayamba upepo ukipita. Halafu mvua za vuli zinapokaribia unawaka wekundu kabla hata majani hayajarudi sawasawa. Kwao ni Madagaska, lakini kwetu umekuwa kalenda: ukiwaka, watu wanaanza kutafuta nauli za kwenda nyumbani. Sasa mpe kazi. Aokote ua moja zima lililoanguka, asichume. Ahesabu: petali nne zitakuwa nyekundu tupu, sawasawa. Ya tano ina weupe na umanjano, imetapakaa madoa mekundu kama batiki. Kila ua lina moja ya namna hiyo. Umepita chini ya mti huo kila asubuhi kwa miaka sita. Uliwahi kuiona? Sikulaumu, nauliza tu. Mimi niliiona nikiwa na miaka 50 na kitu.

Na siku baba Nasra akiwa na nafasi, awapeleke Msasani magharibi ikikaribia, kwenye mibuyu. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama, na ukisimama chini yake bila haraka unaliona likifunguka kwa macho yako. Jeupe, limening'inia kichwa chini, petali zimekunjamana kama kanga iliyotoka kukamuliwa. Halinukii vizuri, nikuonye. Harufu ile ni ya kuita popo, si ya kutuita sisi. Kesho yake liko chini, limekuwa la kahawia. Ule ubuyu mwekundu unaomnunulia mtoto kwa mia mia ulianzia kwenye usiku kama huo, bila kusahau popo aliyepita.

Ya kumbikumbi sikueleweshi, maana watakuja wenyewe mvua ikinyesha, mtafunga madirisha na mtalalamika. Ila kabla hujawafagia asubuhi tafuta wawili waliokwisha kudondosha mabawa, mmoja anamfuata mwenzake nyuma nyuma hasogei mbali. Yule wa mbele ni jike. Wanatafuta pa kuchimba. Hao waache, wengine fagia.

Nimempa dereva wa basi la saa mbili kiroba kidogo, namba yako nimeiandika juu kwa kalamu ya wino mzito. Kuna embe sita za mwanzo, bado ngumu kidogo, zifunge kwenye gazeti. Kuna ganda la mkrismasi la Nasra kuchezea. Na kwenye kopo la maziwa ya unga, lile lenye mfuniko, kuna kiota kitupu cha maji moto, majani yake saba yameshonwa bado. Asikipasue kwanza; akiweke dirishani kwenye mwanga atauona uzi.

Nimekikung'uta mara tatu, na kukianika siku mbili. Hata hivyo kopo mlifungulie nje, si kitandani.

Wasalaam,
Mama yako