Likizo ya siku 28: Kutoka Mtwara hadi nje ya nchi na kurudi

Msimu wa korosho ukiisha, wenye ajira wengi Mtwara na Lindi huwa hoi. Wa benki wamefunga hesabu usiku kwa miezi mfululizo, wa bandarini hawaijui Jumapili, karani wa chama cha msingi cha ushirika amewajibu wakulima kuhusu malipo hadi sauti imemkauka. Hapo ndipo hamu ya kuondoka inapokuja, kwenda mbali, mahali ambapo simu ya ofisini haifiki. Ni hamu ya haki, na wala usiionee haya. Ila usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu yake. Siku ulizopewa na sheria zinatosha kwenda nje na kurudi, mradi upige hesabu inayoanzia hapa kwetu. Ushauri mwingi wa safari huandikwa kwa mtu anayeamka Dar es Salaam na kuita bajaji ya kwenda uwanja wa ndege. Wewe una kilomita zipatazo 560 kabla hujafika alipo yeye, au 450 hivi ukiwa Lindi mjini.

Anza na siku zenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Neno mfululizo lina uzito wake: Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani zinahesabiwa humo humo. Likizo inayoanza mapema Aprili inameza Karume, Muungano, na mara nyingi Pasaka pia. Isogeze ianze Jumatatu na uondoke Jumamosi iliyotangulia. Hizo siku mbili ni zako na hazimo kwenye 28.

Tarehe anapanga mwajiri, lakini hawezi kukukalia milele. Likizo inapaswa kutolewa ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, na kuisogeza hadi miezi 12 kunahitaji ridhaa yako pamoja na sababu ya kikazi. Sheria hiyo hiyo inasema mshahara wa kipindi cha likizo ulipwe kabla hujaondoka, na inamkataza mwajiri kukufanyisha kazi ukiwa likizo. Mambo haya yaulize kwa adabu kwa afisa utumishi, mapema, na majibu uyapate kwa maandishi. Mtumishi wa umma aombe pia kibali cha kutoka nje ya nchi kupitia kwa mwajiri wake, na asikate tiketi kabla kibali hakijarudi, kwa sababu barua hiyo hupita meza nyingi.

Sasa kalenda. Kwetu Kusini hili ni gumu kuliko kuchagua nchi. Oktoba hadi Januari kuna minada ya korosho, na bosi wa benki, bandari, ghala au halmashauri hataki kusikia neno likizo. Juni hadi Agosti ni kupulizia mikorosho salfa, dawa ya kuzuia ukungu. Hata kama wewe ni mwalimu au nesi, kuna uwezekano una ekari kadhaa za mikorosho Tandahimba, Newala au Nachingwea, na maua hayasubiri mtu arudi safari. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya jando na unyago, na michango inakufuata mpaka mlangoni. Februari hadi Mei mvua inatishia barabara. Ukiniuliza mimi, mtu mwenye shamba aombe Septemba, salfa ikiwa imekwisha na minada haijafunguliwa, akiwa amemwachia mtu wa kuaminika kazi ya kuokota. Asiyepata Septemba aombe wiki za mwisho za Mei, mvua zikielekea kuisha. Mwalimu hana uchaguzi mpana, atafuata Juni au Desemba, na bei za tiketi za Desemba azikabili akiwa na akiba.

Ukishapata mwezi, rudi nyuma miezi sita. Hapo ndipo karatasi zinapoanza, na hapo ndipo safari nyingi za huku hufia.

Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki inagharimu shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Fomu unaijaza mtandaoni, kisha unapeleka viambatisho ofisi ya Uhamiaji ya mkoa: kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au hati ya kiapo inayoeleza kuzaliwa kwake, picha, na barua ya maombi. Tatizo la kwanza ni cheti. Wengi tulizaliwa vijijini na cheti hatuna. Kukipata ukubwani unakwenda kwa msajili aliyeko ofisi ya Mkuu wa Wilaya ulikozaliwa ukiwa na ushahidi wa kutosha, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji. Mzaliwa wa Liwale anayefanya kazi Mtwara asidhani atalimaliza kwa simu.

Tatizo la pili ni majina. Kitambulisho kinasema Saidi, cheti cha shule kinasema Said, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halipo kwingine kote. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja, kwa mashine ni watu watatu. Weka karatasi zako zote mezani, soma herufi kwa herufi, na rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, maana kosa likishaingia kwenye pasipoti litakufuata hadi kwenye viza na tiketi. Na kama umezaliwa Nanyumbu, Newala au Tandahimba na una ndugu ng'ambo ya Ruvuma, jiandae kuulizwa wazazi na babu zako walizaliwa wapi. Jibu kwa vielelezo na kwa utulivu. Ndiyo kazi ya mikoa ya mpakani.

Sambamba na pasipoti, chanja homa ya manjano. Cheti chake kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinahesabiwa kuwa cha maisha. Watu huchanja siku moja kabla ya safari halafu wanashangaa kuzuiwa na cheti mkononi.

Kwa safari ya kwanza, ushauri wangu ni nchi isiyodai viza. Mtanzania anaingia Kenya, Malawi, Zambia na Afrika Kusini bila viza kwa matembezi, na Afrika Kusini wanatoa hadi siku 90. Kenya usijaribu na kitambulisho cha NIDA kwa sababu umesikia Wakenya na Waganda wanavuka kwa vitambulisho vyao. Chukua pasipoti. Pia toa mifuko yote ya plastiki kwenye begi kabla ya mpaka wa Horohoro au Namanga, Kenya waliipiga marufuku 2017 kabla yetu. Malawi kwa mtu wa Masasi kuna njia nzuri isiyogusa Dar kabisa: Tunduru, Songea, Njombe, Mbeya, kisha Kasumulu mpakani. Ni siku kadhaa za basi, lakini ni safari ya kuona nchi.

Msumbiji iko karibu zaidi ya zote, na ndiyo ninayowakataza wanaokwenda matembezi kuingia kwa barabara. Daraja la Umoja pale Mtambaswala limefunguliwa tangu 2010 na Kilambo kuna kivuko, lakini ukivuka unaingia mkoa wa Cabo Delgado, na mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yameua na kuhamisha watu wengi mno. Kitaya, upande wetu, ilishambuliwa Oktoba 2020. Anayetaka kuiona Maputo apande ndege.

Ulaya inahitaji maandalizi ya aina nyingine. Viza ya Schengen, inayotumika nchi nyingi za Ulaya, inaombwa mapema hadi miezi sita kabla, na isipungue siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili wazi na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Alama za vidole unatoa mwenyewe, Dar es Salaam, hakuna wa kukutolea. Maana yake ni safari nzima ya kwenda na kurudi kabla ya safari yenyewe, basi iombee ruhusa ya siku tatu na usiikate kwenye likizo. Vidole hivyo vinatumika hadi miaka mitano, kwa hiyo maombi yanayofuata huwa mepesi.

Sehemu inayowaangusha watu wa Kusini ni taarifa ya benki. Afisa wa viza anatazama miezi mitatu hadi sita ya akaunti yako. Anaona mshahara unaingia, unatoka, salio dogo. Halafu Novemba anaona milioni kadhaa zimeingia kwa mkupuo. Kwake hiyo ni fedha ya kuazima iliyowekwa ili ionekane. Wewe unajua ni malipo ya mnada wa pili, ila yeye hajui mnada ni nini. Ambatisha karatasi ya malipo kutoka chama cha msingi inayoonyesha jina lako, kilo na bei, pamoja na barua fupi ya aya moja inayoeleza kwamba wakulima wa korosho hulipwa kwa msimu kupitia benki. Weka na nyaraka za shamba kama unazo, maana nazo zinaonyesha una cha kurudia. Barua ya mwajiri itaje cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kuripoti kazini. Barua inayosema tu kwamba “anafahamika kwetu” haisaidii kitu. Na wakala anayeahidi kukutengenezea taarifa ya benki mkimbie. Karatasi ya kughushi ikigunduliwa jina lako linabaki kwenye mfumo wao, na milango mingine inafungwa hata ambako hujawahi kubisha.

Kisha barabara. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi na Dar maeneo ya Somanga, abiria wakalala njiani. Kwa hiyo usipange kamwe basi linaloondoka stendi ya Mkanaledi, Mtwara, alfajiri na ndege ya kimataifa usiku huo huo. Kiangazi fika Dar siku moja kabla, masika fika siku tatu kabla. Ukipanda ndege kutoka Mtwara tahadhari ni ile ile, kwa sababu tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali hazijuani: ya ndani ikichelewa, shirika la kimataifa haliwajibiki kwako, umepoteza nauli. Kama unaweza, kata zote kwenye tiketi moja. Kumbuka pia kwamba kimataifa ni Jengo la 3 pale uwanjani, na uwe hapo saa tatu kabla ya ndege kuruka.

Kwa mpangilio huo, siku 28 zinagawanyika hivi: siku tatu za kwenda Dar na kusubiri, tatu za kurudi, na mbili nyumbani za kufua na kulala kabla ya kuripoti. Zinabaki 20. Tumia 14 nje, na hizo sita ziache zimeze ucheleweshaji au zikupeleke Mikindani kuogelea. Anayebana ziara ya siku 26 hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Fedha nitapita haraka. Dola nunua noti safi za toleo jipya, ile ya 100 yenye utepe wa bluu, maana zilizochakaa au za zamani hukataliwa sehemu nyingi. Iambie benki ifungue kadi yako kwa matumizi ya nje, na washa huduma ya kutumia laini nje ukiwa bado nchini. Namba za siri za benki huja kwa ujumbe mfupi, na ujumbe usipofika kadi ni kipande cha plastiki. Ongeza asilimia 20 juu ya bajeti uliyoandika. Gharama za salfa, palizi na ada za watoto zilipe kabla ya kuondoka ili usiwe unatuma fedha nyumbani kutoka kwenye nauli ya kurudia.

Zawadi za ndugu mlioahidiana: korosho zilizokaangwa na kufungwa kiwandani kwa kawaida hazina shida, ila ng'onda (samaki wakavu) na embe waachie wa nyumbani. Forodha za mbali zitaziona kwa pua kabla ya mashine.

Ofisini acha karatasi moja ya makabidhiano: kazi zilizobaki, nyaraka ziko wapi, nani aulizwe. Ukiiacha karatasi hiyo, simu za ofisini hupungua sana.

Na la afya, ambalo husahaulika. Tunatoka eneo lenye malaria. Ukishikwa na homa ugenini, hasa wiki mbili za mwanzo, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uanze kwa kusema umetoka Mtwara, Tanzania, wapime malaria. Daktari wa huko anaweza kudhani ni mafua na kukurudisha hotelini. Beba namba ya bima kwenye karatasi, mbali na simu, na mpe nakala mtu mmoja nyumbani.