Swali la lugha: Theluji, barafu au barafuto ya Rwenzori?

SWALI: Ninaandaa makala ya wanafunzi wa sekondari kuhusu utafiti wa barafu za kale katika Milima ya Rwenzori. Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Mtafiti alichimba theluji ya zamani ya Rwenzori na kugundua kwamba ilirudi nyuma miaka 20,000 iliyopita kutokana na hali ya hewa." Mwenzangu mmoja anasema niandike "barafuto" na "tabianchi". Mwingine anasema hayo ni maneno ya vitabuni, mwanafunzi hatayaelewa. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize wa kwanza, ingawa kubadili maneno mawili hakutaiponya sentensi hiyo. Kasoro yake kubwa imo katika "alichimba theluji ya zamani". Barafu iliyojaza mabonde ya Rwenzori miaka 20,000 iliyopita ilikwisha zamani sana, wala hakuna awezaye kuichimba leo. Mtafiti alichokishika mkononi ni jiwe.

Tuanze na theluji. Theluji ni ile laini inayoanguka kutoka mawinguni na kutanda juu ya ardhi. Isipoyeyuka ikalundikana mwaka baada ya mwaka, ya chini hushindiliwa na uzito wa ya juu, hewa ikabanwa, mwishowe ikawa barafu ngumu. Barafu hiyo ikinenepa vya kutosha huanza kuteremka mlimani polepole kwa uzito wake yenyewe, na hapo ndipo inapoitwa barafuto, au mto wa barafu. Wapo wanaotetea "theluji" kwa hoja ya asili ya maneno, lakini hoja hiyo haiwafikishi mbali: "barafu" imetoka katika neno la Kiajemi ambalo huko maana yake ni theluji, na "theluji" imetoka katika neno la Kiarabu linalotumika kwa theluji na kwa barafu pia. Kiswahili kimeyagawia kazi maneno haya chenyewe, na mgawanyo huo ndio wa kuufuata.

Wala si ajabu kwamba mambo haya hayakuwa na majina tayari pwani. Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro na kumuuliza kiongozi wa msafara wake ni kitu gani, alijibiwa kwamba ni baridi tu. Wakonzo wanaoishi chini ya Rwenzori, kwa upande wao, wana neno lao la siku nyingi, nzururu.

Kisarufi, "barafuto" iweke katika ngeli ya I-/ZI-: barafuto hii imefupika, barafuto hizi zimefupika. Ukitumia "mto wa barafu", fuata mto: mto huu umefupika, mito hii imefupika. Mimi hupendelea "barafuto" katika maandishi ya sayansi, kwa kuwa "mto" humvuta msomaji kwenye maji yanayotiririka. Mwanafunzi asiyelijua neno ataelezwa mara moja, katika sentensi ya kwanza linapotokea, kisha makala iendelee nalo hadi mwisho. Kinachomchanganya ni mwandishi anayeandika theluji katika aya moja, barafu katika nyingine na barafuto katika ya tatu, akikusudia kitu kilekile.

Sasa turudi kwenye jiwe. Utafiti unaouzungumzia unafanana na ule wa Meredith Kelly wa Dartmouth College, Marekani, na wenzake. Barafuto inapoteremka husomba mawe na udongo, na inapoacha kusonga mbele huacha mzigo huo kwenye ncha na kingo zake kama tuta. Tuta hilo ni moreni. Rwenzori ina moreni kubwa karibu na Ziwa Mahoma, chini sana ya mahali barafu inapoonekana siku hizi. Mtafiti hutafuta mawe makubwa yaliyokaa imara juu ya mgongo wa tuta, yenye madini ya kwatzi. Kwa nyundo na tindo hubandua sentimita chache tu za uso wa juu, akapima mwinuko wa mahali hapo na kiasi ambacho vilele vya jirani vinaliziba anga.

Jiwe likiwa wazi, mionzi kutoka anga za juu hulipiga na kuzalisha ndani ya kwatzi atomu za berili-10, aina adimu ya elementi ya berili. Ni chache mno: usawa wa bahari hupatikana takriban atomu nne kwa kila gramu ya kwatzi kwa mwaka, na mlimani huongezeka kwa kuwa hewa ni nyembamba. Maabarani jiwe husagwa, kwatzi hutengwa na kusafishwa kwa asidi, huongezwa kiasi kinachojulikana cha berili ya kawaida, kisha mashine hupima uwiano wa hizo mbili. Kutokana na uwiano huo hukokotolewa idadi ya miaka ambayo jiwe limekaa wazi.

Ndiyo maana nasisitiza vitenzi. Kinachopimwa ni uwiano, umri hukokotolewa, tarehe ya barafuto kuanza kupungua hukadiriwa kutokana na mawe mengi. Neno "kugundua" linazimeza hatua zote tatu, na msomaji anabaki akidhani kwamba mwaka uliandikwa mahali. Usiandike pia "jiwe la miaka 20,000". Miamba ya Rwenzori ina umri unaozidi miaka bilioni moja. Andika "jiwe lililokaa wazi kwa takriban miaka 20,000". Hesabu hii nayo ina mitego. Jiwe lililobiringika baadaye, au lililofunikwa na udongo kisha likafunuliwa, hutoa umri mdogo kuliko wa kweli. Lililokuwa wazi kwenye jabali kabla ya kubebwa na barafu hutoa umri mkubwa mno. Kwa hiyo jiwe moja halitoshi, na neno "takriban" hapo halipo kwa mapambo.

Usilichanganye hili na kazi ya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson kule Kilimanjaro. Mwaka 2000 yeye na wenzake waliitoboa barafu ya kileleni kwa keekee, wakatoa miche sita mirefu ya barafu yenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Walikadiria kwamba tabaka za chini kabisa zina miaka 11,700, makadirio ambayo watafiti wengine wameyapinga. Hapo "barafu kongwe" ni sawasawa, maana ipo na imeshikwa. Za Rwenzori zilizotoweka ziite "barafuto za kale". Sehemu kubwa ya barafu ya Kilimanjaro, hasa ile ya uwanda wa juu yenye kuta zilizosimama wima, karibu haisogei, kwa hiyo kuiita "mto" kunapotosha. "Barafu ya kileleni" inatosha.

"Ilirudi nyuma" ndiyo inayonikera zaidi, na imeenea. Barafuto hairudi. Hata inapofupika, barafu iliyomo ndani yake inaendelea kuteremka. Kinachopanda mlima ni ncha yake, kwa sababu kinachopotea huko chini kinazidi kinacholetwa kutoka juu. Wanafunzi huchora kabisa barafu ikigeuka na kupanda. Andika "ilifupika", "ilipungua", au ukitaka kueleza kwa makini, "ncha yake ilipanda". "Kuyeyuka" nako kutumike panapokuwa na maji. Kileleni Kilimanjaro, kwa baridi na ukavu ulioko, barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Hapo sema "hupotea" au ueleze hivyo hivyo kwa maneno kamili.

Kuhusu hali ya hewa na tabianchi, tofauti ni ya muda. Mvua ya leo alasiri Kasese, mji wa Uganda ulio chini ya Rwenzori, ni hali ya hewa. Wastani wa mvua na joto wa miaka mingi, ambao kwa desturi ya wataalamu ni miaka 30, ni tabianchi. Moreni haiwezi kusimulia mvua ya alasiri. "Tabianchi" liandike kama neno moja, na upatanisho uufuate wingi wa "mabadiliko": mabadiliko ya tabianchi yamefupisha barafuto.

Hata "kutokana na tabianchi" haijajibu swali la mwanafunzi, kwa sababu barafuto inaweza kupungua kwa kukosa theluji au kwa kuzidi kwa joto. Mawe ya Rwenzori yanaonyesha kwamba barafuto zilikuwa kubwa yapata miaka 23,000 na 20,000 iliyopita, wakati ambapo Afrika Mashariki ilikuwa kavu. Kama mvua na theluji ndizo zingekuwa na usemi, barafuto zingekuwa ndogo wakati huo. Baridi ndiyo iliyozikuza, na ongezeko la joto ndilo lililozifupisha, tena kabla hewa ukaa haijaanza kupanda angani takriban miaka 18,000 iliyopita. Ukiandika "hewa ukaa" kama chanzo cha mwanzo huo, utakuwa umekosea sayansi, si lugha. Kupungua kwa barafu ya Rwenzori tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ni suala jingine, nalo lipewe aya yake.

Sentensi yako naiandika hivi: "Mtafiti alipima mawe yaliyoachwa na barafuto za kale za Rwenzori, akakadiria kwamba zilianza kufupika takriban miaka 20,000 iliyopita, joto lilipoongezeka." Tarakimu ziache kama zilivyo, na kabla ya "takriban" usiongeze "kama", maana yote mawili yanafanya kazi moja.